Folda ya Kungojea

Tulikuwa saba katika stesheni ile, nimebaki mimi. Watu wakisikia hivyo wananipongeza, wanasema mama una bahati, wengine wanasema una dawa. Sina dawa. Nilibaki kwa sababu mashine ilihitaji mtu wa kusoma vifo kwa Kiteso, kwa Kikhayo na kwa Kiswahili, na mtu huyo alikuwa ameishia darasa la saba, kwa hiyo mshahara wake haukumuumiza mtu kichwa. Nataka kueleza vile ilivyokuwa tulipoweka ile programu ya kuendesha redio yenyewe bila watu, na nani alifanya nini. Majina siandiki. Lakini kila mmoja nitamtaja kwa kazi yake, na Busia si mji mkubwa hivyo.

Stesheni iko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kutoka dirishani unaona foleni ya malori yanayoelekea Uganda na wabadilishaji pesa wamekaa na mabunda yao mapajani. Niliingia pale kufagia na kupika chai. Siku moja msomaji wa matangazo ya vifo hakuja, na karatasi zilikuwa zimeandikwa kwa Kiteso, na mtangazaji aliyekuwa ndani alikuwa mtu wa kusini, kwa Kiteso hawezi hata kusalimia. Nikaweka fagio chini, nikaingia. Tangu hapo nikawa mama wa vifo. Hata sokoni waliniita hivyo. "Mama wa vifo, leo umetuletea nani?" Nachagua nyanya zangu, naenda.

Mtu wa mbali anaweza kudhani kusoma kifo redioni ni kusoma tu. Kwetu kuna watu ambao hawafai kusikia kifo kwa redio. Mume, mke, mtoto mkubwa, na zaidi ya wote mama mzazi. Mama huambiwa kwa mdomo, na anayemwambia ni kaka yake, mjomba wa marehemu, si mtu mwingine. Kaka huyo anakuja na wanawake wawili, wanamkuta nyumbani kwake, wanamketisha, mmoja kushoto mmoja kulia, ndipo anaambiwa. Akishaambiwa, mjomba anapiga simu stesheni: "Mama ameambiwa. Fungueni." Hapo ndipo mimi nafungua karatasi na kusoma. Kabla ya simu hiyo karatasi inaning'inia ukutani kwenye msumari, imekunjwa mara mbili, na meneja wa zamani, Mungu amrehemu, hakuthubutu kuigusa. Kuna karatasi zilikaa hapo siku tatu. Watu wanapanda ngazi wakipiga kelele, maiti iko mochari, watu wa Mombasa watachelewa mazishi. Nauliza, mama ameambiwa? Wanasema bado. Basi ngojeni.

Kwa miaka kumi na tisa hakuna mama aliyesikia kutoka kwangu kwanza. Sikuwa na cheti, sikuwa na kiti changu mwenyewe pale studio, lakini hilo nilikuwa nalo.

Sasa mwenye stesheni. Huyu ni mtu wa malori, redio aliifungua wakati fulani alipotaka kura, akakosa kura, akabaki na redio. Siku moja alipanda akatukuta watatu studio, mmoja anaongea, mmoja anatafuta wimbo, mimi nakunja karatasi. Akasema, "Nyinyi wote hapa mnabonyeza vitufe. Malori yangu yana dereva mmoja mmoja." Baada ya wiki alimleta mkwe wake awe meneja. Mkwe alikuwa akiuza simu Eldoret, na aliamini kwamba kila kitu duniani kina sehemu ya kubonyeza kikajiendesha. Mkwe akamleta fundi wa programu kutoka Kisumu, mwanamume mwenye ndevu na mkoba wa mgongoni, aliyemwita kila mtu boss, na mimi akaniita mathe, yaani mama.

Wenzangu walielewa mapema. Mtangazaji wetu wa jioni alitazama ile kompyuta ikipandishwa ngazi, akasema, "Huyo ndiye mfanyakazi mpya. Tena hana tumbo."

"Na haombi ruhusa ya matanga," akasema mwingine.

Tukacheka. Kabla mahindi hayajakomaa msimu ule, wa jioni alikuwa anabeba abiria wa boda boda kuvuka mpaka, na huyo mwingine alirudi kwao Adungosi kulima. Walikataa kumsaidia fundi. Mimi sikukataa. Naandika hapa nisije nikaambiwa nimeficha.

Nilimsaidia kwa sababu nilikuwa na shabaha moja tu, nayo ilikuwa ile ya msumari. Nilitaka mashine iwe na mahali pa kungojea. Mengine yote, nilijiambia, ni yao.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha. Tuliingiza nyimbo moja moja kutoka kwa sidii, kila wimbo uandikwe jina la mwimbaji kwanza, halafu wimbo, halafu kama ni wa asubuhi au wa jioni. Halafu kila wimbo unawekewa alama pale unapoanza kufifia, ili ujao uingie juu yake bila pengo. Fundi alikuwa hajui wimbo gani ni wa kanisa na upi ni wa baa, mimi nikamwambia. Halafu alipanga saa. Kila saa aliichora kwenye kioo cha kompyuta kama chapati iliyokatwa vipande: hapa jina la stesheni, hapa wimbo, hapa tangazo la biashara, hapa wimbo tena. Nusu saa ya saa saba mchana ilikuwa kipande cha vifo.

Tulipojaribu mara ya kwanza, niliposoma jina la marehemu nikanyamaza kidogo, vile ninavyonyamaza siku zote, ili mtu jikoni apate nafasi ya kuita wenzake waje wasikie. Mashine ikaruka, ikapiga wimbo wa dansi.

"Nini hiyo?" nikauliza.

"Imesikia kimya, mathe. Ikisikia kimya inadhani kuna kitu kimeharibika, inajaza."

"Hakuna kilichoharibika. Mtu amekufa."

Alicheka mpaka akafuta macho. Lakini alirekebisha, akairefushia mashine uvumilivu wake kidogo. Hapo nikaona ni mtu wa kusikia, nikamuuliza lile langu.

"Na zile zinazongoja zinakaa wapi?"

"Zinangoja nini?"

"Zinangoja mama aambiwe."

Nikamweleza habari ya mjomba na simu. Alikuna ndevu. "Mathe, hii kitu haijui kungoja. Ukiweka kwa folda, inacheza."

"Basi tengeneza folda ambayo haichezi."

"Folda haichezi ni ya nini sasa? Hiyo ni kama kujenga duka la kutouza."

"Lijenge hivyo hivyo."

Akalijenga. Ndani ya folda kubwa ya vifo akaweka mbili ndogo. Moja akaiandika HEWANI. Ya pili akaniachia kibodi niiandike mwenyewe, nami nikaandika kwa kidole kimoja KUNGOJEA. Kilichokuwa ndani ya HEWANI kilisomwa saa saba. Kilichokuwa KUNGOJEA kilikaa. Simu ya mjomba ikija, unakivuta kwa kipanya kutoka huku hadi huku, basi. Meneja alisimama nyuma yetu akitazama, nikamwambia mara mbili maana ya folda ile, naye akasema, "Sawa mama, nimekupata." Ninamtaja hapo. Aliambiwa mara mbili.

Na sasa kosa langu mimi. Zamani nilisoma hewani moja kwa moja, kwa hiyo karatasi isiyofunguliwa haikuwa na sauti. Haikuwa kitu, ilikuwa karatasi. Mashine ilipokuja nikaanza kurekodi. Asubuhi nafika, narekodi zote kwa mpigo, zilizo tayari na zinazongoja, nazipanga kwenye folda zake, na kufika saa tano nimemaliza. Mjomba akipiga baadaye, meneja anavuta. Mimi naenda shambani. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilipalilia mahindi yangu mchana kama mtu mwenye wakati wake. Nililipenda hilo. Sikujiuliza ni vizuri au si vizuri kukitamka kifo ambacho mama hajaambiwa. Nilikitamka ndani ya chumba kilichofungwa, mbele ya maikrofoni, lakini nilikitamka, na kikabaki pale ndani ya mashine kikiwa na sauti yangu, kizima, kinangoja mtu yeyote mwenye kidole.

Kipindi kile cha saa saba kilikuwa na mdhamini. Ni mwenye karakana ya majeneza, barabara ya kwenda Malaba. Sitasema zaidi, mwenyewe ameandika jina lake ukutani kwa rangi nyekundu. Kulikuwa na siku watu hawafi sana. Vifo vinaisha kwa dakika tisa, kumi, na mashine, kwa vile haipendi pengo, inajaza kwa nyimbo. Mwenye majeneza akaja juu akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Mimi nilichukua nusu saa ya vifo," akasema. "Mnanipigia rumba. Mtu akisikia rumba atakumbuka jeneza?"

"Watu hawajafa mzee," nikamwambia. "Tufanyeje?"

"Rudieni waliokufa!"

Alilalamika kwa mwenye stesheni. Mwenye stesheni akampigia mkwe wake simu, akamwambia hataki kusikia tena habari ya rumba. Meneja akampigia fundi Kisumu. Fundi, ambaye alikuwa na kazi nyingine huko na haraka zake, akamwambia achague folda kubwa ya vifo badala ya ile ya HEWANI, halafu aweke alama kwenye kirudio, mashine itakuwa inachukua chochote kilichomo na kukirudia mpaka nusu saa iishe. Fundi alisahau duka lake la kutouza. Meneja hakusahau, nadhani hakuwahi kulishika kichwani. Alibonyeza mara mbili. Watu wanne hao, na hakuna hata mmoja aliyeniambia.

Asubuhi ya siku ile shemeji ya marehemu alileta karatasi kutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Tororo. Mwanamke ameugua wiki moja, amefariki. Amezaliwa Adungosi, mama yake anauza karanga pale sokoni. Nikauliza, mama ameambiwa?

"Bado. Kaka yake analinda malori pale Malaba, leo hawezi kutoka. Kesho mchana akiachiwa zamu ndio ataenda."

"Akishamwambia apige."

"Atapiga, mama. Nimempa namba."

Nikarekodi. Nilisoma vizuri, nakumbuka, kwa sababu jina lilikuwa refu na sikukwama. Tunasikitika kutangaza kifo cha fulani, binti wa fulani, habari zimfikie mama yake mzazi aliye soko la Adungosi, zimfikie mjomba wake aliye Malaba. Nikaweka KUNGOJEA. Nikachukua jembe langu nyuma ya mlango, nikaenda.

Nilikuwa mstari wa nne wa mahindi, simu imening'inia shingoni ikiniletea redio yetu. Huwa nasikiliza ili nijue kama mashine imekata maneno. Nikajisikia nikimaliza wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikajua leo ni watatu tu. Nikangoja wimbo. Badala ya wimbo nikajisikia nikivuta pumzi, na pumzi ile niliitambua kabla ya neno, kwa sababu ndiyo niliyovuta kwa ajili ya lile jina refu.

Nilipiga simu kwa meneja. Iliita mpaka ikakata. Alikuwa anakula. Nikapiga tena. Jirani yangu alikuwa shamba la pili, akaniita, "Mbona unapiga kelele na wewe mwenyewe ndiye unaongea?" Nilikuwa nimeanza kukimbia kuelekea barabarani kutafuta pikipiki, na sijafika, redio ikazunguka, wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu nikavuta pumzi tena. Ilisoma mara mbili. Kwa ajili ya rumba.

Nilipofika ghorofani meneja alikuwa amerudi, anachokoa meno. Nikazima mashine kwa kuvuta waya kutoka ukutani. Redio yote ikanyamaza, Busia hadi Malaba, na hakuna kitu kilichojaza.

"Mama, unaharibu mashine!"

"Nani aligusa folda yangu?"

"Folda gani?"

Jioni waliketi kikao. Mwenye stesheni alikuja mwenyewe. Fundi aliwekwa kwenye simu, spika imefunguliwa. Kila mmoja alikuwa na neno moja, na neno lilikuwa mashine. Mashine ilichanganya. Mashine ilisoma vibaya. Fundi akasema, "Mimi niliulizwa swali, nikajibu swali." Meneja akasema ni sistimu, na kwamba wataweka neno la siri. Mwenye majeneza hakuitwa, ila jina lake lilitajwa kwa heshima.

Nikasema, "Vifo virudi mdomoni. Nisome mwenyewe saa saba, karatasi mkononi, kama zamani."

Mwenye stesheni akanitazama kama anavyotazama lori lililopasuka gurudumu. "Mama, wale wenzako sita walitaka mambo ya zamani. Wako wapi? Njia waliyopita iko wazi."

Nikanyamaza. Hapo ndipo niliponyamaza, na nilijua ninachofanya.

Wakaandika barua ya pole kwenye karatasi yenye nembo, kwamba kulitokea hitilafu ya mtambo. Nikapewa niipeleke Adungosi pamoja na sukari na blanketi mbili. Meneja alisema mimi ndiye ninafaa kwa sababu najua Kiteso.

Matanga yalikuwa yamejaa. Maiti ilikuwa imezikwa ng'ambo kwa mumewe, lakini watu walikaa kwa mama. Mjomba mtu alikuwa mlangoni, bado na koti lake la ulinzi. Nilimpa mkono, hakuupokea. Aliwaambia wenzake, "Huyu ndiye redio. Alinishinda mbio." Alikuwa amesikia katika kibanda cha lori, dereva Mganda akiwa amefungua sauti.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, mwanamke wa rika langu. Nilidhani nitamkuta mzee. Nikaweka sukari na blanketi chini. Barua sikuitoa. Nilimwambia kwa Kiteso, mmoja mmoja, vile nilivyoandika hapa: mwenye majeneza alisema hivi, mwenye malori akasema hivi, mkwe wake akabonyeza, fundi akamwambia abonyeze. Mimi nilikitamka kabla ya wakati, nikaenda kulima. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alisema, "Nilikuwa napima gorogoro ya pili ya karanga. Fundi viatu ana redio pale jirani. Nilisikia, nikamaliza kupima, nikamfungia mteja. Mikono ilimaliza yenyewe."

Nikasema pole mama.

"Kaka yangu angefika saa ngapi?" akaniuliza.

"Kesho yake. Alasiri hivi."

Alihesabu kwa vidole juu ya leso. "Basi ningeuza karanga zangu zote. Ningerudi nyumbani, ningepika. Ningelala. Ningeamka asubuhi mimi bado ni mama wa watoto watano, nifagie. Ni siku moja nzima." Akaninyooshea kidole, si kwa ukali. "Hiyo ndiyo mlichukua. Mtoto ni Mungu alimchukua. Hiyo ni nyinyi."

Nilitaka kuondoka lakini si adabu kuinuka ukiwa umetajwa.

"Na bado uko kazi pale?" akauliza.

"Niko."

"Unasoma bado?"

"Narekodi."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na maneno mengi njiani nikija. Yote niliyoyapanga yalikuwa ya kuhusu wao wanne. Nikamwambia, "Nina watoto."

"Hata mimi," akasema, na akageuka kumwomba mkaza mwanawe maji.